Nunua kwa Huyu, Umpelekee Yule: Hesabu ya Kuzuru Jamaa Ruiru na Thika

Mkate wa Broadways huokwa Thika, na wa Kenblest vilevile. Unga wa Soko husagwa na Capwell katika mji huohuo, mafuta ya Elianto hutoka kwa Bidco ya hukohuko Thika, na maziwa ya Brookside hupakiwa Ruiru. Sasa fungua buti la gari la Mnairobi anayekwenda kuwaona watu wake Jumapili: mikate miwili, unga pakiti nne, mafuta, maziwa, sukari, majani ya chai. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilitoka Thika na Ruiru kwa lori, ikapangwa kwenye rafu za Nairobi, ikalipiwa huko, na sasa inarudi kwa barabara ileile kwa petroli ya mgeni mwenyewe. Mara nyingi inashushwa mlangoni pa shangazi ambaye ana duka linalouza vitu hivyohivyo.

Kwenda mikono mitupu haiwezekani, na sipendekezi mtu ajaribu. Swali ni pesa za kikapu ziingie mfukoni mwa nani. Upande huu wa Kiambu ni shida kupata ukoo usio na kibiashara katika kila nyumba ya pili. Kwa hesabu yetu tuchukue ukoo wa mfano: shangazi ana duka la rejareja Kihunguro, Ruiru. Binamu mmoja ni kinyozi karibu na steji ya Kimbo, mwingine ana hadwea Gatongora. Mjomba ana bucha Makongeni, Thika, na huko huko Thika ndiko anakoishi shosho, ambaye hauzi chochote ila anajua bei ya kila kitu. Mgeni mwenye shilingi 6,000 au 7,000 za siku hiyo anaweza kuzimaliza kwa supamaketi, petroli na hoteli ya nyama. Anaweza pia kuzigawa katika biashara za jamaa, ale vilevile na abebe mzigo uleule.

Watu husema supamaketi ni rahisi kwa bei, na ni kweli, ila tofauti ni ndogo. Tuseme kikapu kimegharimu 2,400 Nairobi. Kwa shangazi, pakiti ya unga ya kilo mbili itazidi kwa shilingi tano au kumi, sukari vivyo hivyo, mafuta labda ishirini. Ukijumlisha na vitu vingine vyote vya kikapu utalipa 100 hadi 150 zaidi. Nyongeza hiyo haitokani na tamaa ya mwenye duka. Supamaketi hununua shehena moja kwa moja kiwandani na kulipa baada ya wiki kadhaa, wakati shangazi ananunua bandali moja moja kwa muuzaji wa jumla, tena kwa pesa taslimu. (Mkopo huo wa viwanda una hatari zake. Supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilipoanguka, wasambazaji wengi waliachwa na ankara ambazo hazikulipwa. Shangazi hana nafasi ya kuanguka kwa namna hiyo, hakuna anayemkopesha.)

Kwa hiyo shilingi 120 za ziada ndizo bei ya kununua kwa jamaa, na sehemu yake kubwa inabaki kwake kama faida. Ukiwa ulipanga kumwachia kitu cha soda, tayari umeanza kumwachia, tena bila kumfanya apokee sadaka mbele ya wateja. Jambo moja la kuangalia ni vitu vya kupima. Mafuta ya kumiminiwa ya shilingi 50 na sukari ya robo ni msaada mkubwa kwa mtu anayelipwa kwa siku, lakini ukipiga hesabu kwa lita au kwa kilo huwa ghali kuliko pakiti nzima. Mgeni anunue pakiti zilizofungwa.

Lakini sukari ya dukani kwa shangazi huwezi kumpa shangazi. Hapo ndipo mpangilio wa safari unapoanza kuamua gharama. Barabara Kuu ya Thika, ile ya njia nane aliyoifungua Rais Kibaki Novemba 2012, inaifikia Ruiru takriban nusu ya safari ya kwenda Thika. Basi kikapu cha shosho kinunuliwe Ruiru wakati wa kwenda, nacho kitoweo cha shangazi kinunuliwe kwa mjomba Thika wakati wa kurudi. Kila mmoja anauza, kila mmoja anapokea, na hakuna aliyeletewa kitu kinachojaa rafu zake.

Ugumu ni muda. Kuingia Ruiru mara mbili kwa siku moja ni adhabu kwa anayeijua barabara ya kuingia mjini saa za soko. Na ukishaketi kwa shangazi, chai itapikwa, na chai ikipikwa hakuna kuondoka. Ninavyoona, asubuhi usikae. Mpigie siku moja kabla, mtajie unachotaka, afunge mzigo. Ukifika, lipa, pakia, msalimie ukiwa umesimama na umwahidi kukaa jioni. Simu hiyo ina faida kwake pia: Jumamosi anaweza kuongeza unga na mafuta kwenye oda yake ya jumla badala ya kumaliza akiba ya wateja wake wa kila siku kwa sababu yako.

Kwa upande wa bei, Ruiru yenyewe inasaidia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji huo, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Mashamba ya kahawa yamegeuka ploti na fleti. Mji uleule uliotupa Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa na watafiti mwaka 1985, sasa unastawi kwa kodi za nyumba. Wapangaji wengi maana yake ni maduka mengi, na maduka mengi yakikaribiana bei haiwezi kupanda sana. Thika ina faida nyingine. Ina viwanda na wauzaji wa jumla wa miaka mingi, kwa hiyo anayetaka bandali nzima ya unga au katoni ya mafuta kwa ajili ya hafla ya ukoo atapata bei nzuri zaidi huko. Kwa kikapu cha kawaida, Ruiru inatosha.

Sasa malipo, mahali ambapo pesa hupotea bila mtu kuona. Chukua ununuzi wa shilingi 3,000. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, ukitoa 3,000 kwa wakala ili ulipe taslimu, unakatwa 52. Ukimtumia shangazi kwa nambari yake ya simu, unakatwa 53, naye akitaka kuzishika mkononi atakatwa 52 nyingine. Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, humkata mteja kama anayetuma pesa za kawaida, hivyo ni 53 tena. Akiwa na nambari ya tili, wewe hukatwi hata senti. Yeye ndiye anayelipa asilimia 0.55, yaani shilingi 16 na senti 50. Kwa malipo ya hadi 200 hata hayo hakatwi.

Tili ndiyo nafuu kwa familia nzima ukiwaweka wote kwenye mizani moja. Mwenye duka akilalamika kwamba inamkata, mwongezee ishirini kwenye malipo na bado mtakuwa mmeokoa zaidi ya thelathini. Jamaa asiye na tili, kama mama mboga au kinyozi anayeanza, mlipe taslimu, na pesa hizo uzitoe mara moja kwa kiasi kinachotosha siku nzima. Kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni 29, kwa hiyo anayetoa 500 mara nne analipa 116 kwa kitu ambacho kingemgharimu 29. Kwa shosho, ambaye hataki mambo ya simu, noti mkononi inashinda kila njia. Elfu moja ukimtumia ni 13 kwako na 29 kwake, na ndiyo sababu watu wenye adabu hutuma “na ya kutoa”.

Tili ina faida nyingine ambayo haimo katika jedwali la ada la Safaricom. Shangazi akiona mkono wako ukiingia mfukoni atasema, “Wewe tena unilipe?” na mtaanza mvutano wa noti unaojulikana na kila Mkenya, ambao mara nyingi huisha umebeba sukari ya bure. Tili imeandikwa ukutani. Unalipa kimya mkiongea habari za watoto, na simu yake inalia kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Tuje kwenye usafiri. Kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika na kurudi, ukiongeza vijia vya Kihunguro na Makongeni, hesabu kilomita 110. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa kama lita tisa. Mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei ya juu ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Septemba 2025 iliweka petroli ya Nairobi shilingi 184.52. Hapo ni kama 1,660 kwa siku. Oktoba 2023, petroli ilipofika 217.36, safari hiyohiyo ingekuwa 1,950 na ushei. Tairi na oili sijazitia.

Kwa matatu, nauli hupanda na kushuka kwa mvua, saa na hali ya makanga, lakini tuweke 100 hadi Ruiru, 80 kutoka Ruiru hadi Thika, na 150 kurudi Nairobi jioni. Ongeza bodaboda mbili za 50. Ni 430 kwa mtu mzima mmoja. Wawili watatumia 860, karibu nusu ya petroli. Wanne watatumia 1,720, na hapo gari linashinda kidogo. Treni ya abiria inayofika Ruiru hufuata saa za wafanyakazi, asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka, kwa hiyo haimfai anayezuru kwa mkondo wa kinyume.

Muulize mwenye gari kwa nini hakupanda matatu, naye atakuambia ni mzigo. Lakini mzigo gani, ikiwa kikapu kinanunuliwa Ruiru? Ukitoka Nairobi na mkoba tu, unabeba kilo kumi na tano kutoka Ruiru hadi Thika, na bodaboda inamalizia. Kununua kwa jamaa, ambako tulikuhesabu kama hasara ya 120, kunaweza kumwokolea msafiri wa watu wawili 800 za petroli. Kasoro ni mzigo wa kurudi. Shosho hatakuruhusu uondoke bila ndizi, viazi na kuku wa miguu iliyofungwa, na makanga atataka nauli ya gunia. Hiyo nauli ilipe bila ubishi. Viazi vyenyewe vingekugharimu zaidi Nairobi. Pia uondoke Thika kabla ya saa kumi jioni ukiweza, maana baada ya hapo Jumapili nauli huamuliwa na urefu wa foleni.

Nyama ndiyo sehemu ambayo bajeti nyingi hufia. Kamakis, kando ya Eastern Bypass, ni jina kubwa la nyama choma, na siwalaumu wanaopapenda: kuna nafasi ya gari, muziki, na watoto wana mahali pa kukimbia. Lakini pale unalipia na nafasi hiyo. Tuseme kilo ya mbuzi iliyochomwa ni 1,200 na mko watu sita wa kula kilo tatu. Ni 3,600 kabla ya ugali, kachumbari na soda, na hakuna shilingi moja iliyogusa ukoo wenu. Kilo tatu hizohizo mbichi kwenye bucha ya mjomba, kwa 750, ni 2,250. Ukiongeza makaa, unga na nyanya unafika 2,500.

Wengi huishia hapo na kutangaza mshindi. Mimi naongeza swali: nani atachoma, nani atasonga ugali wa watu sita, nani ataosha vyombo? Mara nyingi ni mke wa mjomba, ambaye Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, au msichana wa shule mwenye mtihani kesho. Akiba ya 1,100 imetoka kwenye mgongo wake. Dawa ni ya zamani na ipo Thika nzima: bucha yenye jiko. Unachagua nyama kaunta kwa bei ya mbichi, inachomewa hapohapo, ugali unaagiza kwa sahani, na kijana wa jikoni unamwachia 200 zake. Mnatumia kama 2,900 au 3,000. Bado ni chini ya Kamakis, mjomba ameuza kilo tatu na ya nne ya kupeleka kwa shangazi, na mke wa mjomba amekula akiwa ameketi. Kama bucha ya mjomba haina jiko, mimi ningeibeba nyama hadi kwa jirani mwenye jiko na kumlipa makaa, kabla ya kukubali kuipeleka nyumbani.

Anayetaka Thika ya mandhari anaweza kupita Blue Posts, hoteli iliyokuwepo tangu 1908 kati ya maporomoko ya Chania na Thika. Chai ya pale si chai ya kibandani kwa bei, ila ni mahali pazuri pa kumpeleka shosho mara moja kwa mwaka avae kitambaa chake kizuri. Mananasi ya kando ya barabara nunua baada ya kuuliza bei mahali pawili. Mji huo umezungukwa na mashamba ya Del Monte, na bado mwenye gari la kibinafsi hutajiwa bei ya mtalii.

Imebaki bei ya ndugu. Mtu anaingia kwa binamu kinyozi, ananyolewa kichwa cha 150, anatoa 100 na kumpiga begani. Vinyozi wengi hawamiliki kiti wanachosimama nyuma yake. Hugawana mapato na mwenye duka, mara nyingi nusu kwa nusu. Katika 150, yake ni 75. Hamsini uliyopunguza haitoki kwa mwenye duka, kwa sababu yeye huhesabu vichwa, hahesabu udugu. Binamu amebaki na 25 na tabasamu la kulazimisha. Kwa shangazi ni vilevile: ukimwomba akutolee shilingi kumi kwenye pakiti ya unga, faida yote ya pakiti hiyo imekwenda nawe. Katika biashara za faida ndogo ndugu alipe bei ya ukutani, au aende kwingine ambako hamjui mtu.

Hadwea ni hesabu tofauti, na hapo naruhusu kupatana kwa nguvu. Anayejenga vyumba viwili vya kukodisha akinunua mifuko 100 ya saruji, punguzo la shilingi kumi kwa mfuko ni 1,000, na binamu wa Gatongora anaweza kulimudu kwa sababu ameuza kwa siku moja mzigo wa wiki. Ila linganisha bei ya saruji ikiwa tayari imefika kwenye ploti. Duka la mbali lililo nafuu kwa shilingi 15 kwa mfuko linapoteza faida hiyo yote ukilipa lori 2,500. Muulize binamu kama mkokoteni au pikapu yake imo ndani ya bei, na muulize mbele ya fundi, kwa sababu fundi naye ana hadwea yake anayoipenda na sababu zake za kuipenda. Kingine: vyuma vipimwe unene kabla ya kushushwa. Kufanya hivyo kwa binamu kunaonekana kama tusi, na ndiyo maana apewe habari mapema kwamba fundi atapima kila kitu kutoka kila duka.

Simu na vifaa vya umeme ndivyo ningevinunua kwa jamaa kwa masharti tu. Mpwa mwenye kibanda cha simu Ruiru anaweza kukuuzia chini ya bei ya katikati ya Nairobi kwa 500 au 1,000, kwa kuwa kodi yake ni ndogo. Swali ni wiki ya tatu, kioo kikianza kuzima chenyewe. Kwa muuzaji usiyemjua unarudi na risiti na sauti ya juu. Kwa mpwa unarudi na aibu, mama yake anapigiwa simu, na harusi ya Desemba inaanza kuwa na pande mbili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, simu iwashwe, iwekwe laini, ipigwe, na risiti iandikwe nambari ya IMEI, muda wa dhamana na jina la atakayegharamia matengenezo. Mpwa akisema baina yenu hakuna haja ya karatasi, mnunulie soda, sifu kibanda chake, na simu uitafute mahali wanapoandika.